Mizinga Iliyongoja Adui Asiyekuja



Siku moja, katika somo la jiografia, tulitundika ukutani picha ya daraja kubwa jekundu lililofunikwa nusu na ukungu. Wanafunzi walistaajabu. Lakini mmoja wao, aliyeketi nyuma kabisa, hakulitazama daraja. Alitazama pembeni mwa picha, juu ya kilima, palipoonekana kuta kuukuu za saruji. Akauliza: «Mwalimu, ile ni nyumba ya nani?» Tulimjibu kwamba si nyumba, bali ni ngome ya mizinga. Akauliza tena: «Ilimpiga nani?» Tukamjibu: «Hakuna, mwanangu. Haikumpiga adui hata mmoja.»

Darasa zima likacheka. Nasi tulicheka pamoja nao. Lakini jioni, tulipokuwa tukisahihisha madaftari, swali la mtoto yule liliturudia. Je, ngome iliyojengwa kwa gharama kubwa hivyo, isimpige mtu, ilikuwa na kazi gani? Leo tungependa kulijibu swali hilo mbele yenu nyote, maana jibu lake ni refu, na mwisho wake latufikisha kwetu Kongo.

Mlango wa Dhahabu

Mji wa San Francisco uko katika jimbo la California, magharibi ya Marekani, kando ya Bahari ya Pasifiki. Nyuma ya mji kuna ghuba kubwa, yenye maji matulivu ya kuwekea merikebu. Ghuba hiyo yaungana na bahari kwa mlango mmoja tu, mwembamba, ambao upana wake ni kilomita 1.6 hivi palipo pembamba kabisa. Mlango huo waitwa Golden Gate, maana yake Mlango wa Dhahabu. Wengi hudhani kwamba jina hilo latokana na dhahabu iliyovumbuliwa California mwaka 1848. Sivyo. Afisa mmoja aliyeitwa John C. Frémont aliutaja mlango huo hivyo mwaka 1846, kabla dhahabu haijaonekana.

Kusini mwa mlango ndipo ulipo mji. Kaskazini kuna vilima vya Marin, na humo ndimo twataka kuwaongoza. Vilima hivyo havina miti mingi, ila nyasi na vichaka tu, kwa sababu upepo wa baharini huvipiga mchana na usiku. Mvua hunyesha wakati wa baridi, na hapo nyasi huwa kijani kibichi. Kiangazi kikifika, nyasi hukauka na vilima vyote hugeuka rangi ya manyoya ya simba.

Tupande basi kwa mawazo juu ya kilima kiitwacho Hawk Hill, yaani Kilima cha Mwewe, chenye urefu wa mita 280 hivi juu ya bahari. Tukitazama mashariki, chini yetu laonekana daraja, na ng'ambo yake mji mweupe juu ya miinuko yake. Katikati ya ghuba kimesimama kisiwa cha Alcatraz, kilichokuwa ngome, kisha gereza. Tukigeuka magharibi, hakuna kitu ila bahari. Mnara wa taa wa Point Bonita, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1855, waonekana kwenye ncha ya mwamba, na siku ya anga safi huonekana hata visiwa vya Farallon, vilivyo mbali zaidi ya kilomita 40.

Lakini anga safi haiji kila siku. Wakati wa kiangazi ukungu huingia mlangoni kama mto wa maziwa. Sababu yake yaeleweka. Maji ya bahari pale ni baridi sana, na hewa ya unyevu ipitayo juu yake hugeuka ukungu. Huko bara, mabonde hupigwa na jua kali. Hewa yake ya moto hupanda juu, na hewa baridi ya baharini huvutwa kujaza nafasi. Njia iliyo wazi ni ule mlango. Ndiyo sababu mtu asimamaye juu ya kilima huweza kuota jua, huku chini yake vilele viwili vya minara ya daraja vikitokeza juu ya ukungu, kama pembe za ng'ombe avukaye mto.

Daraja hilo lilifunguliwa tarehe 27 Mei 1937. Minara yake ina urefu wa mita 227, na kati ya mnara na mnara ni mita 1,280. Mpaka mwaka 1964 hapakuwa na daraja la kuning'inia lililokuwa na nafasi kubwa kuliko hiyo duniani. Tusisahau walioijenga kazi hiyo. Chini ya mafundi ulitandazwa wavu mkubwa, nao uliwaokoa watu 19 walioanguka. Hao walijiita chama cha waliofika nusu ya njia ya Jehanamu. Wengine 11 walikufa. Kumi kati yao walikufa siku moja, tarehe 17 Februari 1937, jukwaa lao lilipoanguka na kuuchana wavu. Kila avukaye daraja lile apita juu ya jasho la hao.

Ngome juu ya ngome

Sasa tuje kwenye kuta za saruji alizoziona mwanafunzi wetu.

Wenyeji wa vilima vile ni Wamiwok wa pwani, walioishi kwa uvuvi, uwindaji na kuokota matunda na mbegu. Wahispania walifika na kuweka kambi ya askari na misioni kusini mwa mlango mwaka 1776. Mapadre waliokuja nao walikuwa Wafransisko, nao waliiweka misioni yao chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Jina la mji latoka huko. Basi, ajabu yenyewe ni hii: mji wenye jina la mtu yule maskini wa amani ulizungukwa na mizinga kuliko karibu miji yote ya pwani ile.

Mwaka 1794 Wahispania walijenga ngome yao ndogo juu ya mwamba, karibu mita 30 juu ya maji. Wamarekani walipoitwaa nchi, na dhahabu ikawavuta watu kwa maelfu, waliubomoa mwamba ule hadi karibu na maji, wakajenga hapo ngome ya matofali iitwayo Fort Point, tangu mwaka 1853 hadi 1861. Walitaka mizinga iwe chini, ili risasi zake ziruke juu ya maji na kutoboa merikebu ubavuni. Lakini mwaka 1862, katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, mizinga ya namna mpya ilitoboa ngome ya matofali huko Georgia kwa muda wa siku moja na kitu. Hapo kila mtu alijua kwamba ukuta wa matofali hauna kazi tena. Fort Point ilikuwa imezeeka kabla ya kupata mvi.

Ndipo majenerali walipovitazama vilima vya Marin. Badala ya ngome moja ndefu, walichimba mashimo mengi katika ardhi, wakaweka humo mizinga iliyofichwa nyuma ya udongo na saruji. Kuta zile katika picha yetu ni za mojawapo ya hizo, iitwayo Battery Spencer. Ilianza kujengwa mwaka 1893 na kukamilika mwaka 1897, ikawa na mizinga mitatu mikubwa. Sisi wa Kongo tusishangae. Katika miaka hiyohiyo ilijengwa ngome ya Shinkakasa, karibu na Boma, ili mizinga yake ilinde mlango wa mto wetu mkuu. Hofu ya wakati mmoja hufanana, ijapokuwa bahari ni mbalimbali.

Halafu ikaja ndege. Shimo lililo wazi juu halimfichi askari mbele ya adui arukaye angani. Basi, kati ya mwaka 1938 na 1940 ilijengwa Battery Townsley, ndani kabisa ya kilima, chini ya saruji nene na udongo. Humo waliweka mizinga miwili yenye mdomo wa milimita 406. Kombora moja lilikuwa na uzito wa kilo 950 hivi, na liliweza kufika umbali wa kilomita 40. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, askari zaidi ya mia walikaa mle ndani kama fuko, wakilala, wakila na kungoja. Chini, katika maji ya mlango, yalitegwa mabomu, na wavu wa chuma ukafungwa kuzuia nyambizi.

Juu ya Hawk Hill ilianzwa ngome nyingine ya namna hiyo. Walitoboa njia ndani ya kilima na kumwaga saruji, lakini kabla ya kuweka mizinga kazi ilisimamishwa, kwa kuwa vita vilikuwa vimehamia mbali. Mpaka leo njia zile zi wazi, na sauti ya mtoto apigaye kelele ndani yake humrudia mara nyingi.

Vita vilipokwisha, mizinga ya mlima ilikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Mwaka 1950 kikosi kizima cha mizinga ya pwani kilivunjwa. Lakini hofu haikuvunjwa. Mwaka 1954 roketi ziitwazo Nike zilianza kulinda anga ya vilima hivyo. Ziliwekwa katika ghala chini ya ardhi, na mtambo uliziinua mpaka juu, tayari kurushwa. Roketi za kwanza zilibeba baruti za kawaida. Zile zilizofuata, ziitwazo Hercules, ziliweza kufika kilomita 140 hivi na kubeba kichwa cha atomiki, ili kuangamiza kundi zima la ndege kwa mshindo mmoja. Fikirini jambo hilo, wasomaji: ili kuulinda mji, walikuwa tayari kuwasha moto wa atomiki katika anga karibu na mji uleule. Mwaka 1974 nazo ziliondolewa, kwa kuwa adui sasa alikuwa na makombora yavukayo bahari kwa kasi ambayo Nike haikuweza kuizuia.

Hivyo kwa miaka 180, tangu Wahispania mpaka roketi, kila kizazi kilijenga, kikangoja, na kuona silaha zake zikipitwa na wakati. Adui aliyetazamiwa hakuingia mlangoni hata mara moja. Wapo wasemao kwamba hakuja kwa sababu mizinga ilikuwako, na huenda wana haki kwa sehemu. Mlango wenye mbwa mkali hauvunjwi upesi. Lakini kuna jambo jingine lililopita katika mlango ule, na mizinga haikuweza kulizuia, maana halikutoka nje. Lilitoka ndani.

Asubuhi ya tarehe 16 Julai 1945

Tarehe 26 Juni 1945, katika mji wa San Francisco, wajumbe wa nchi 50 walitia sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Walikuwa wamekutana tangu tarehe 25 Aprili, kutafuta njia ya kuwaokoa wana wa watu na vita. Afrika ilikuwa na nchi nne tu mezani: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Kongo haikuwako, ilipokewa katika Umoja huo tarehe 20 Septemba 1960, mwaka wa uhuru wake.

Siku 20 baada ya sahihi zile, asubuhi ya tarehe 16 Julai, manowari ya Kimarekani iitwayo Indianapolis iling'oa nanga San Francisco. Ilipita chini ya daraja jekundu, mbele ya vilima vyenye mizinga, ikaelekea Pasifiki kwa mwendo mkali. Mabaharia hawakujua walichobeba. Ndani yake mlikuwa na sehemu za bomu la atomiki, pamoja na sehemu ya uranium yake. Tarehe 26 Julai walizishusha katika kisiwa cha Tinian. Siku nne baadaye manowari hiyo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani; katika watu karibu 1,200 waliokuwamo, waliookoka ni 316. Na tarehe 6 Agosti bomu lile likaanguka juu ya mji wa Hiroshima, nao maelfu kwa maelfu ya watu, wazee, akina mama na watoto wa shule, wakafa.

Uranium ya Wamarekani wakati ule ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga yetu, karibu na Likasi. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amepeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya mgodi huo, na baadaye mengine yakafuata. Hayo yaliyochimbwa Katanga yalikuwa na uranium nyingi kuliko ya mgodi wowote mwingine uliojulikana. Waliyoyachimba na kuyabeba ni Wakongo. Hakuna aliyewaambia kazi yake. Mababa waliorudi jioni kutoka mgodini, na vumbi nguoni mwao, hawakujua kwamba vumbi lile lina madhara, wala kwamba mawe yale yataupita Mlango wa Dhahabu na kuugeuza ulimwengu.

Wazee wetu husema: wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa twaweza kuongeza kwamba nyasi nyingine haikujua hata kwamba tembo wanapigana. Shimo la Shinkolobwe lilizibwa wakati wa uhuru. Lakini watu, wakisukumwa na umaskini, walirudi kuchimba kobalti kwa mikono, mpaka Serikali ilipowakataza mwaka 2004. Mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua. Huko Marin, mahali pa silaha pamebaki na ukumbusho, vibao na waongozaji. Shinkolobwe, jina lake halimo hata katika madaftari ya watoto wetu wengi. Ndiyo sababu tumeandika habari hii.

Vilima vilivyorudishwa kwa watu

Mtaniuliza: Je, vilima vile vimekuwaje baada ya askari kuondoka? Navyo vilikaribia kupotea kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1960 wenye fedha walikusudia kujenga huko mji mpya wa watu 30,000, wenye majumba marefu, ukiitwa Marincello. Malango yake yalikwisha kujengwa. Lakini wananchi wa jirani walipinga. Hawakutumia mawe wala moto. Walikwenda mahakamani, wakaandika barua, wakakusanya sahihi. Mwisho mradi ulianguka, na mwaka 1972 ardhi ile ilinunuliwa kwa hifadhi. Tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo Rais Nixon alitia sahihi sheria ya kuweka mbuga ya taifa ya Golden Gate. Hata jeshi, bila kukusudia, lilikuwa limesaidia: kwa kuwa askari waliishika ardhi kwa miaka mingi, hakuna aliyeijenga.

Leo kambi zile zina kazi nyingine. Katika majengo ya kale ya askari huko Fort Barry wasanii huchora na kuchonga. Mahali palipokuwa na roketi karibu na Fort Cronkhite, tangu mwaka 1975 pana hospitali ya wanyama wa bahari; sili na simba wa bahari walio wagonjwa au yatima huletwa huko, hutibiwa, kisha hurudishwa majini. Kituo kimoja cha Nike kimetengenezwa upya kama kilivyokuwa, bila silaha kali, ili watu waone na kukumbuka. Na mwaka 2012 mzinga mmoja mkubwa, uliotoka katika manowari Missouri, uliletwa mbele ya Battery Townsley, si kwa vita bali kwa kutazamwa.

Na juu ya Hawk Hill, palipotayarishwa mizinga, kila mwaka kuanzia Agosti husimama watu wenye darubini. Wanahesabu mwewe, kozi na tai. Ndege hao wanaposafiri kwenda kusini hawapendi kuvuka maji mapana, kwa sababu hewa ya moto iwabebayo haipandi juu ya maji. Hivyo hufuata nchi kavu mpaka ncha yake, wakakusanyika juu ya kilima kile kabla ya kuvuka mlango. Chini ya miguu ya wahesabuji, katika maua ya lupini, hutaga mayai kipepeo mdogo wa buluu, aliye katika hatari ya kutoweka duniani. Walinzi wa kilima wangali wapo, basi. Ila sasa hutazama angani kwa furaha, si kwa hofu.

Jibu letu

Mwanafunzi wetu aliuliza: ilimpiga nani? Sasa twaweza kumjibu vema zaidi. Ngome ile haikumpiga mtu, lakini yatufundisha sisi sote. Yatufundisha kwamba ukuta huzeeka upesi kuliko hofu iliyoujenga. Yatufundisha kwamba mtu aweza kukesha miaka 180 akitazama bahari, na kumbe jambo kubwa lapita nyuma ya mgongo wake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na kwetu sisi wa Kongo yatuachia kazi. Enyi wanafunzi, kila mmoja wenu akaaye karibu na kilima chenye magofu, au shimo lililofungwa, au kambi iliyoachwa, asipite tu. Aende kwa babu na bibi, awaulize kwa heshima: «Hapa palikuwa na nini? Nani alifanya kazi hapa? Alilipwa nini? Alirudi nyumbani akiwa mzima?» Kisha aandike katika daftari lake.

Juma lililofuata yule kijana wa nyuma alituletea daftari lake. Alikuwa amechora ramani ya dunia kwa kalamu ya risasi. Juu yake alipiga mstari mmoja: toka Likasi mpaka baharini, toka baharini mpaka New York, toka San Francisco mpaka Hiroshima. Chini aliandika maneno machache: «Mawe haya yalitoka kwetu.» Tulimpa alama zote.